Ugonjwa wa Baba Kwenye Kisahani

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi mzima, ila usingizi haba.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Hapa maabara tunakuza virusi vya homa ya ini. Mgonjwa akikatwa kipande cha ini hospitalini, akiridhia, tunapewa kidogo. Tunazitenganisha seli zake, tunaziweka kwenye kisahani chenye joto kama la mwili, tunazilisha. Zinadeka kuliko kitinda mimba; ukizembea zinakufa. Miezi yote hii kirusi kilikataa kuziingia. Juzi kimeingia, na kinazaana. Tulipiga makofi.

Halafu nikamkumbuka Baba, akirudi kutoka tanuri la mikate na unga masikioni, akiniita Bibi Kwanini. Nikayakumbuka na macho yake ya njano.

Mwanao

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale.

Kumbe unamlea aliyemuua baba yako, na mnampigia makofi. Sina la zaidi.

Mama yako

21 Machi

Mama,

Shikamoo. Naomba usinikasirikie. Dawa haijaribiwi kwa kirusi kilichokufa. Lazima tukione kikiishi ndani ya ini la mtu ndipo tujue cha kukizuia.

Na jambo hili ulijue: mara nyingi mama humpa mtoto kirusi hiki siku ya kuzaliwa bila kujua, kikakaa kimya miaka na miaka. Nadhani Baba alizaliwa nacho. Waliosema ni pombe, walisema tu.

Mwanao

18 Agosti

Mwanangu Bibi Kwanini,

Marahaba, marahaba. Nisamehe kwa ukimya. Hasira ziliisha mapema. Nilikuwa na safari.

Nilikwenda kwa baba yako mdogo. Unajua hakukanyaga kwetu tangu aliposema pale kaburini, "Kaka amejimaliza kwa chupa," na mwenzangu hakuwahi kuonja hata tone. Nikamsomea barua yako. Akasema, "Shemeji, rudia hapo pa kuzaliwa." Nikarudia. Akauliza wanapima wapi, maana wao ni tumbo moja.

Alipimwa. Anacho. Daktari kasema ini halijaharibika, ameanza vidonge, ila havikiondoi; ataishi nacho. Kwa hiyo fanya kazi yako, mama, na ule vizuri.

Jana alikuja. Alisimama mlangoni mpaka nikamwambia, "Ingia, kwani wewe mgeni?" Akanisimulia walivyokuwa wadogo, baba yako akimwimbia gizani ili asiogope, na sauti yenyewe mbovu. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumsikia baba yako akiimba. Nikamwomba shemeji aniimbie na mimi wimbo huo. Akaimba.

Mama yako