Hoteli Zilizotuaga na Ile Isiyoaga

Nyuma ya Soko,
Singida.
2 Septemba, 1956.

Mpendwa kaka Simeoni,

Pokea salamu za nyumbani, nyingi kuliko zinavyoenea kwenye karatasi. Natumaini zitakukuta mzima, kifua kimetulia, na shemeji na mtoto wanakula na kushiba huko Korogwe. Sisi huku miili haina neno. Uwele tumeshavuna na kupura, si mwingi wala si haba. Upepo wa vumbi umeanza kuvuma kutoka upande wa ziwa, na kila asubuhi tunafagia kile tulichofagia jana. Mama yako ni mzima, isipokuwa macho yanamwasha kidogo.

Umezoea barua zangu fupi. Hii ni ndefu, kwa hiyo keti vizuri, na kama shemeji yuko karibu, mwombe akuache peke yako kwanza.

Jana nilipita pale palipokuwa stesheni. Tangu serikali ilipong'oa reli ya Manyoni pamebaki lile tuta tu, na mbuzi wanalala juu yake. Nikasimama pale nilipofikiri hoteli ya Mzee Mrisho Mmanyema ilikuwapo, nikanusa hewa mithili ya mwendawazimu. Je, unaikumbuka harufu ya wali wake wa nazi? Sisi watoto wa Singida tulikuwa hatujui mnazi ni mti wa namna gani, lakini nazi tulizijua, kwa sababu zilikuja na gari moshi kutoka pwani na Mrisho alizikuna mbele yetu. Abiria walikula wali, sisi tulingoja ukoko. Akiubandua kwenye sufuria, mzima kama sahani, aliukabidhi kwako kwa kuwa ulikuwa mkubwa. Nawe uliuvunja, ukanipa kipande chenye mafuta. Kila mara, Simeoni. Watoto wengine walipigana kwa ajili ya ukoko, mimi sikuwahi kupigana.

Reli ilipoondolewa, Mrisho alikaa miezi michache akipikia watu wasiokuja, kisha akafunga virago kwenda Kigoma kwa ndugu zake. Lakini alituaga. Alipita nyumba kwa nyumba, akampa kila mama kifuu kimoja cha kutekea maji. Chetu kilikaa mtungini mpaka kikapasuka.

Baadaye tukahamia kwa yule Msomali wa karibu na mnada, mwenye chai ya maziwa iliyojaa iliki. Tulikuwa hatuna haja ya chai, tulifuata gramafoni. Alikuwa na sahani moja tu ya santuri, nayo ilikwaruza, na wewe ulijifunza ule wimbo pamoja na mkwaruzo wake, ukawa unauimba nyumbani mpaka baba yako akakutishia fimbo. Msomali naye aliondoka kufuata biashara ya ng'ombe upande wa Arusha. Naye pia aliaga. Yale mabenchi yake mawili alimletea mama yako, akasema, "Mama Yunisi, watu wako wanakula wamesimama, wakalishe."

Nakukumbusha haya si kwa sababu nimekosa kazi ya kufanya. Nakukumbusha kwa sababu hoteli zile mbili tulizililia, lakini hazikutuumiza. Wenye nazo waliondoka kwa hiari yao, wakituangalia usoni. Sasa nitaandika juu ya hoteli ya tatu.

Hoteli ya mama yako unaijua kuliko mimi, lakini nataka uisome. Baba yako alipofariki, mama yako, shangazi yangu, alikuwa na sufuria mbili na mwiko. Alijenga kile kibanda cha udongo sokoni kwa mikono yake, mimi na wewe tukimkanyagia tope, akakiezeka kwa madebe yaliyopasuliwa. Ugali wa uwele, mlenda, kuku wa kuchemsha, na uji wa ulezi asubuhi kwa wachukuzi. Humo ndimo ulimosomeshwa mpaka ukaitwa karani. Humo nami nililelewa, mtoto wa kaka yake tu, nisijue hata siku moja kwamba si mtoto wake.

Na Leonidas unamjua. Yule fundi cherehani Mnyamwezi anayeshona barazani kwa Mhindi. Alikuwa mtani wetu kweli kweli. Aliingia jikoni bila hodi, akatoa firigisi kwenye sufuria kwa vidole vyake, na shangazi akampiga mwiko wa mgongo. "Nyie Wanyaturu ni watumwa wangu," anasema akitafuna, "na hoteli hii ni ya babu yangu, nimewaazima." Wateja walikuja kwa kusikiliza matusi yao kama walivyokuja kwa mlenda. Mtu akifiwa, Leonidas ndiye aliyelala kaburini kwa mzaha akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Hatukuwa na sababu ya kumwogopa.

Mwezi wa tano, siku ya mnada, alikuja kula na karani wa viwanja vya soko. Karani mwenyewe ni mgeni, mtu wa Pwani, mpole. Watu walijaa. Shangazi alikuwa anapakua, mwiko mkononi. Leonidas akasimama juu ya benchi.

"Mama Yunisi, nakutoa hapa! Najenga hoteli ya matofali ya kuchoma. Unaniachia kiwanja au huniachii?"

Shangazi hakuinua hata kichwa. "Nakuachia. Na masufuria nakuachia. Na mimi mwenyewe nibebe mgongoni unipeleke Tabora, nikakufulie, maana mke wako kachoka."

Watu walicheka hadi wakamwaga mchuzi. Karani akaweka chini kijiko, akauliza taratibu, "Mama, umemwachia kweli?"

"Karani wangu," shangazi akajibu, "huyu nimemwachia tangu siku aliyozaliwa. Kula, ugali unapoa."

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia. Nilicheka, wote tulicheka. Kwetu nani angejibu vingine? Ukimjibu mtani kwa uso mkavu umemtukana, na umejiaibisha wewe. Shangazi alijibu alivyofundishwa na mama yake, na bibi yake kabla ya hapo.

Baada ya wiki mbili walikuja vijana wenye sururu. Shangazi akawapa uji kwanza. Alidhani wamekosea nyumba, akawa anawaelekeza kwa mkono kibanda cha jirani kilichoanguka. Walikunywa uji, wakamwambia, "Pole mama," wakaanza na ukuta wa jikoni. Moto ulikuwa bado unawaka mafigani.

Tulikwenda barazani kwa wazee. Wazee walikuna vichwa. Wakasema maneno ya utani hayashitakiwi, tangu zamani hayajashitakiwa. Na karani naye anasema mama alijibu mbele ya watu zaidi ya thelathini, naye hakusema uongo. Mzee Melkiori ndiye aliyepata njia. Alisema mwanamke wa nyumba anaweza kutaniwa, lakini mwanamume wa nyumba ile hakuwapo na hakuulizwa. Simeoni akija, akasimama barazani akasema, "Mimi sikuachia," basi shauri linaanza upya.

Sasa unajua kwa nini mama yako hajalia. Tangu siku ile anatembea sokoni kama mtu aliyeweka akiba benki. Wanawake wenzake wakimpa pole anasema, "Simeoni yuko njiani." Nilimsomea barua yako ya mwezi wa saba, ile uliyoandika kwamba umesikitika sana, kwamba dunia imeharibika, na kwamba Noeli utafika. Alinitaka nisome mara mbili lile neno "nimesikitika". Halafu akaenda kwa Klara jirani kumwomba amtunzie jogoo, yule mwekundu, wa siku utakayofika.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kwa Leonidas. Hoteli yake ya matofali imefunguliwa, ina meza zenye vitambaa vya maua na kioo ukutani. Sikwenda kula. Nilifuata sufuria kubwa ya shangazi, ile ya ugali wa wachukuzi, ambayo vijana waliibeba pamoja na vitu vingine. Nilimkuta jikoni, na nilimwambia maneno ambayo si ya utani. Nilimwita mwizi.

Hakucheka. Alifunga mlango. Akasema, "Selina, mimi si mwizi. Mimi nilimuuliza mwenye nyumba."

Nikamwambia mwenye nyumba ni shangazi yangu.

"Mwenye nyumba ni Simeoni. Alipokuja livu ya Pasaka tulikaa hapa nje mimi na yeye. Mimi nilitaka nimwombe mama kwa heshima. Yeye ndiye aliyeniambia mama hataachia akiombwa kwa heshima hata miaka kumi. Akaniambia, 'Muulize kwa utani, siku ya mnada, karani akiwapo. Akiwa na mwiko mkononi, mama hakubali kushindwa maneno.'"

Nilitaka kumwambia kwamba ni mwongo. Mdomo ulishafunguka. Lakini "mama akiwa na mwiko mkononi" ni maneno yako, Simeoni. Umeyasema tangu tukiwa wadogo, na wewe tu ndiye uliyeyasema. Leonidas hawezi kuyatunga. Kisha akanionyesha chumba cha nyuma, kipya, chenye dirisha la kioo, akasema hicho ni chako, na kwamba ukimaliza kazi ya mkonge mtaendesha hoteli pamoja, nusu kwa nusu. Akanipa sufuria. Niliibeba kichwani mpaka nyumbani, na sijui nilipitia njia gani.

Nimekaa na jambo hili siku tatu. Nimejaribu kukutetea ndani ya moyo wangu, maana nimezoea kukutetea. Nikasema, labda aliona moshi unamla mama macho, akataka apumzike. Nikasema, labda aliona mji unakuwa wa matofali, kibanda kingevunjwa tu. Sawa. Basi ungemwambia yeye! Ungekaa naye kwenye lile benchi la Msomali ukamwambia, mama umechoka, acha. Angekutukana, angekulisha, na mwisho angekusikia. Badala yake ulichukua ulimi wake, kile kitu kimoja ambacho watu wote wa Singida walimpendea, ukamfunga nacho. Leonidas ni mtani, anaruhusiwa kumwibia hata firigisi. Wewe alikuzaa.

Na barua ile ya kusikitika ulinifanya mimi niisome kwa sauti. Hilo nalo nimeliweka moyoni.

Nimeudhika, kaka. Sitaandika neno la adabu zaidi ya hilo. Nilikuwa naringa kwa wenzangu kwamba nina kaka. Sasa nikipita kwenye ile hoteli nageuza uso, kwa sababu najua ni nani alianza kuibomoa, na hakuwa na sururu.

Shangazi hajui. Leonidas ameniapia hatasema, kwa kuwa anakuogopa wewe, na mimi sitasema, kwa kuwa si kazi yangu. Lakini sikiliza vizuri. Noeli ukifika, wazee watakuita barazani na mama yako atakuwa amekaa mbele, amevaa kitenge kipya, anangoja useme, "Mimi sikuachia." Ukisema hivyo, utakuwa umemdanganya mbele ya watu, na mimi nitasimama. Usipofika kabisa, ataendelea kukungoja, maana huyo anajua kungoja. Kwa hiyo njoo kabla ya Noeli. Usishukie kwa Leonidas. Njoo moja kwa moja nyumbani, kaa chini, umwambie kwa mdomo wako. Akitaka kukupiga, usikwepe.

Wanakusalimu Mzee Melkiori, Klara na wanawe, na Philipo aliyetoka hospitali ya Kiomboi akiwa mzima, na yule mguu umepona. Dorika wangu amekuwa mkubwa, ameanza darasa la pili, anakuamkia shikamoo. Msalimie shemeji na umbusu mtoto.

Mama yako naye anakusalimu. Yuko hapa hapa ubavuni mwangu, anapepeta ufuta, na ameuliza kwa nini barua ya leo ni ndefu kiasi hiki. Nimemwambia nakukumbusha hoteli za zamani. Amefurahi sana. Ameniambia nikuandikie maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie akija asigombane na Leonidas kwa ajili yangu, asije akapata matatizo kazini. Aseme neno lake barazani tu, basi. Mwambie sina wasiwasi hata kidogo. Wanaonihurumia hawajui kama nina mwana."

Mungu akulinde barabarani, na akupe moyo wa kufika.

Mimi dada yako, nikupendaye hata leo, na leo kwa shida,

Selina.