Jani la Tumbaku Kidoleni

Hospitalini, kitanda cha dirishani,
Bitola.
9 Novemba 2004

Mpendwa mpwa wangu Rodna,

Pokea salamu za mtu ambaye hospitali hii isingekuwa na kazi bila yeye. Madaktari watano hunizunguka kila asubuhi; hata waziri hatazamwi hivi. U hali gani huko Malmö? Baridi haijakuingia kifuani? Na dada yangu Letka, mama yako, goti lake linamwacha alale? Sisi tunapumua.

Ni mguu wa kushoto. Mishipa imeziba toka gotini hadi unyayoni. Daktari Jovevska alinionyesha picha, nikaiona myembamba kama uzi wa kutungia majani ya tumbaku yakauke. Akasema upasuaji haufai, hakuna pa kushonea mshipa mpya. Nikamwambia hata kisu kinaniogopa. Hakucheka.

Basi natiwa dripu ya kupanua mishipa, kwa muda wa saa sita kila siku, kwa wiki tatu. Uso unawaka kama pilipili za Septemba zikichomwa uani, na kichwa kinagonga. Wenzangu huomba ipunguzwe kasi. Mimi husema ongeza. Sigara nimeacha, maana dawa hii haimsaidii mvutaji. Mimi, ambaye tumbaku yangu inavutwa hadi Amerika!

Zimebaki siku sita. Kidole gumba kimekuwa cheusi, na tangu Jumapili weusi umepanda upana wa ukucha. Ukifika kwenye kifundo cha mguu, watakata chini ya goti.

Kidonda kilianza Agosti, tukiwa katikati ya kutunga tumbaku. Oktoba kilipozidi, kikafungwa jani bichi lililolowekwa rakija, pombe yetu kali, kama babu yako alivyotufunga sote utotoni. Likakaa wiki mbili. Daktari alipolifungua aligeuza uso, kisha akamkaripia mke wangu Menka mbele ya wodi nzima.

"Mama, tumbaku ndiyo iliyomziba mishipa, nawe unamfunga nayo?"

Menka alitazama viatu vyake. "Sitarudia, daktari."

Tangu hapo huja kila siku kwa basi la saa nne na sufuria ya supu, ananipasha unyayo kwa viganja. Neno lake ni moja tu: "Kula, Spase, inapoa."

Msalimie Letka, na mumeo Goce, na yule mdogo ambaye bado sijamshika mkono. Mungu awape miguu mizima na njia fupi.

Wako akupendaye,
Mjomba Spase

Nimesahau jambo, Rodna. Jani nililifunga mimi. Menka alinikataza siku zote kumi na nne. Daktari alipouliza ni nani, nilimnyooshea yeye kidole, na mpaka leo sijakishusha.