Karatasi za Biolojia Kutoka Homa Bay

Homa Bay
12 Septemba 1999

Shemeji Gisiri,

Salamu nyingi, mwalimu wangu. Mimi ni mzima. Dada yangu Filister na watoto hawajambo?

Nakutumia karatasi za Biolojia za Kidato cha Nne, maswali na majibu. Sikuzinunua. Walimu wa ng'ambo wameziweka kwenye intaneti, na mwalimu yeyote anachukua bure. Kompyuta ya ofisi inazifikia kwa laini ya simu, lakini siku za kazi laini haishiki hata ulie. Jumamosi, siku ya Sabato, ofisi hufungwa na laini hutulia, basi jana nikaingia peke yangu na ufunguo wangu.

Usinitaje popote. Mkuu wetu, Mzee Onsongo, ni mzee wa kanisa letu la Sabato. Akisikia nimefanya kazi siku ya Sabato, kazi sina.

Shemeji yako,
Dorine

Masara
3 Oktoba 1999

Shemeji Dorine,

Asante, au erokamano kama mnavyosema ninyi Wajaluo. Huku tu wazima, ila Filister analalamika kuwa nakuandikia wewe kuliko yeye alivyowahi kuandikiwa.

Wanafunzi wangu, ambao kengele ikilia hukimbilia mashimo ya dhahabu, sasa wanabaki darasani. Mmoja wao, Nyamusi, amekataa kabisa kwenda shimoni mpaka mtihani uishe. Kama zipo zingine, tuma. Jina lako sitalitaja, naapa.

Shemeji,
Gisiri

Masara
14 Novemba 1999

Shemeji,

Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima, moyo hapana.

Juzi maswali mawili ya Biolojia yalifanana na yale ya kwenye karatasi zako. Afisa wa mitihani akaja na polisi, wakazikuta kwenye dawati la Nyamusi. Chini ya kila karatasi kuna ule mstari mrefu wa herufi na vistari. Afisa anasema ni alama ya siri ya wezi wa mitihani. Aliniuliza nimezipata wapi, nikasema nimepewa. Na nani? Jina sikulitaja.

Nimesimamishwa kazi. Ripoti inaondoka Jumatatu ya tarehe 22, na darasa zima litafutiwa matokeo. Niliapa, na kiapo changu kiko palepale. Sikuombi kitu.

Gisiri

Masara
17 Novemba 1999

Dorine,

Hujambo? Hujajibu, na sikulaumu. Nakujulisha tu kwamba Nyamusi amerudi shimoni. Anasema mtihani uliobaki hauna maana tena.

Shemeji yako

Homa Bay
21 Novemba 1999

Shemeji yangu,

Poleni sana nyote. Niliogopa, ndiyo sababu nilinyamaza. Barua yako kuhusu Nyamusi kurudi shimoni ndiyo iliyoniinua.

Ijumaa asubuhi nilimwambia Mzee Onsongo yote. Akasema, "Mungu atakusamehe upesi kuliko mimi. Leta ufunguo." Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyempigia afisa simu. Afisa akaja mchana, tukajaribu hadi jioni, laini ikakataa katakata. Jua likazama, Sabato ikaingia, Mzee akafunga.

Jana baada ya ibada tulikaa barazani watatu, tukisubiri jua lizame. Afisa alitazama saa yake kila mara. Mzee hakutikisika. Jua lilipozama akafungua mlango, laini ikashika, nikaandika herufi kwa herufi ule mstari wa chini ya karatasi, ambao ni anwani yake ya intaneti tu. Maswali yakatokea yote, yako wazi kwa kila mtu tangu mwaka jana. Afisa alisoma mpaka mwisho, akasema ripoti yake haitaondoka. Darasa lako halifutiwi kitu, nawe unarudi shule.

Afisa alipoondoka, Mzee aliomba dua fupi, akaniambia nisije kazini tena. Nililia, shemeji, sikufichi. Lakini kabla hajazima taa nilimwomba nichape karatasi za Kemia, kwa kuwa mtihani huo bado. Alisimama na ufunguo mkononi. Kisha akaketi, akasema niharakishe.

Barua hii naituma na matatu ya leo; karatasi nazileta mwenyewe kesho. Mwambie Filister anitandikie, nitakaa. Na wewe nenda ukamtoe Nyamusi shimoni.

Shemeji yako,
Dorine