Kukonda Kwangu, Mama Ndanu

Eldoret

Mke wangu mpendwa, Mama Ndanu,

Natumaini unaisoma hii ukiwa mzima hapo Kyuso kwa wazazi wako, wewe na Ndanu na mdogo wake. Mvua imefika huko? Ndengu zimeota? Hapa kunanyesha kila jioni na baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Kazini naenda na chakula nakula, lakini tangu nipate barua yako usingizi umenikimbia.

Uliandika mistari michache tu, kwamba umefunga nyumba yetu ya Tulia na kurudi kwenu mpaka ijulikane. Hukusema ijulikane nini, lakini nilielewa. Kaka yako Musyoka aliniona, akarudi na habari kwamba nimekonda. Nimekonda kweli. Nataka usikie kutoka kwangu ilivyokuwa.

Unajua nilivyokuwa nimenenepa. Nilipokuja likizo mama alilipigapiga tumbo langu akasema Eldoret inanilisha vizuri. Mikate inayoharibika umbo hapa bekari wanatuachia, na mimi niliila kutwa kwa chai ya sukari nyingi. Halafu kiu ikaanza, nikawa nakunywa maji kama ng'ombe, na choo kikawa safari ya kila mara. Siku moja nimebeba gunia la unga, kifua kikanibana, jasho likanitoka, nikakaa chini palepale. Wekesa, yule ninayekanda naye unga, akanishika mkono mpaka hospitali.

Daktari ni mama wa makamo, mpole. Alinitoa damu, akaniambia nirudi kesho bila kula chochote, akanitoa tena. Majibu yalipokuja aliniangalia shingo. "Huu weusi umekuwa nao tangu lini?"

Nikamwambia ni uchafu wa kazi, mke wangu huusugua kwa jiwe nikija nyumbani na hautoki.

"Hautatoka kwa jiwe," akasema. "Unatoka ndani. Mwili wako unatengeneza insulini, ile inayoingiza sukari kwenye nyama za mwili. Tena unatengeneza nyingi, lakini nyama zimekuwa kama kiziwi, hazisikii. Kwa hiyo sukari inabaki kwenye damu, na mafuta mabaya nayo yamejaa humo. Na hilo tumbo ndilo linalozidisha ukiziwi."

Nikamuuliza kifua kinaingiaje. Akasema mafuta hayo huziba mishipa ya moyo polepole, mtu hajui. Kisha akauliza kama kuna ndugu yangu aliyekufa ghafla. Nikamtaja kaka Kimanzi, alivyoanguka ndani ya duka lake Kwa Vonza, na sisi tukasema ametegewa dawa na wenzake wa biashara.

"Alikuwa na tumbo kama lako?"

"Kubwa zaidi."

Akaliandika hilo kwenye faili yangu. 

Akanipa vidonge, akanikataza soda na sukari, mkate kidogo sana, niongeze mboga na ndengu, nitembee kila siku. Nilitii kwa sababu niliogopa. Kila asubuhi nikienda kazini kwa miguu nasikiliza moyo wangu. Ukidunda haraka, nasimama. Suruali zikalegea, nikazifunga kwa kamba. Ndipo minong'ono ikaanza bekari. Wakanitengea kikombe changu peke yangu, chenye alama. Wekesa alikiona, akakichukua, akamimina chai yake humo akanywa mbele ya wote.

Musyoka alipofika nilimkaribisha chumbani, nikapika ugali na sukuma. Akasema ameshiba. Hata maji hakugusa. Simlaumu, siku hizi mtu akikonda hakuna anayeuliza anaumwa nini. Lakini nami nilimtazama, Mama Ndanu. Ameota tumbo, na shingo yake ni nyeusi kama ilivyokuwa yangu. Nilitaka kumwambia, nikashindwa, maana alikuwa tayari amesimama mlangoni. Tafadhali mwambie wewe. Aende Mwingi apimwe damu.

Baada ya barua yako nilirudi kwa daktari. Nikasema, "Nipime na ule ugonjwa mwingine."

"Una sababu ya kushuku?"

"Mimi sina. Lakini mke wangu ana haki ya kujua."

Najua maisha yangu, na bado nilipongoja majibu nilisahau kutia hamira kwenye unga. Daktari aliniita, akafunga mlango, akasema sina virusi. Nikamwomba arudie, akarudia. Sukari imeshuka, akasema, lakini mafuta kwenye damu bado yako juu, na kuhusu moyo hawezi kuniahidi lolote. Ataendelea kuupima.

Amekubali kuonana nawe. Njoo umuulize mwenyewe, bila mimi kuwa ndani. Ukitaka kuja na Musyoka, njoo naye. Na kama umeamua kutokuja, niandikie wewe mwenyewe, nisisikie kwa watu.

Nifikishie salamu zangu kwa baba mkwe na mama mkwe, wasiseme nimewakasirikia. Ukipita Tulia msalimie mama, umwambie nakula. Mjane wa Kimanzi mpe pole yangu tena, na umwambie nina jambo la kumweleza kuhusu mumewe tukionana. Ndanu na mdogo wake wabusu.

Kufa nakuogopa, sikufichi. Lakini ninachoogopa zaidi ni kifua kubana tena nikiwa peke yangu humu chumbani, kisha wewe uletewe habari kwamba nimekufa kwa kile walichokisema, na watoto wetu wakue wakiamini hivyo.

Ni mimi mumeo, ninayekungoja,

Baba Ndanu