Sikumuuliza Anakwenda Kukata Nini

Langley Park, Maryland
Novemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na nyingine ya Mama, maana najua amekaa hapo karibu anasubiri umsomee. Goti lako linaendeleaje? Anjela ameniandikia kwamba bado unaingia kibandani kufua chuma hata siku za mvua, na kikohozi juu. Baba, moshi ule utakumaliza. Waache vijana wavukute mivukuto, wewe kaa pembeni uwaelekeze. Mimi mwili mzima. Baridi imeanza, midomo inapasuka, lakini sikosi kula wala sikosi kazi. Bado niko kwenye ile nyumba ya wazee, nawaogesha, nawalisha, nawageuza kitandani.

Msomee Mama mpaka hapa tu. Yanayofuata yasome mwenyewe kwanza, kisha utaamua. Ningepiga simu, lakini simu yenyewe iko dukani kwa Massawe na kila anayenunua sukari anasikiliza. Jambo hili naona haya kulisema hata nikiwa peke yangu.

Unakumbuka tupa uliyonipa siku ninaondoka, ile ya mpini wa mparachichi? Nilikaa nayo chini ya sanduku muda mrefu, haina kazi. Huku kitu kikivunjika kinatupwa. Kisha mwenzangu ninayekaa naye fleti, Kimani, Mkenya wa Nyeri anayefanya kazi ya ulinzi, akarudi siku moja amenuna. Amenunua magazini za bastola yake ya kazini kwenye maonyesho ya silaha. Magazini ni kile kikasha cha bati kinachobeba risasi, kinachomekwa ndani ya mpini. Serikali ya huku imezuia kutengeneza zile kubwa mpya, kwa hiyo zilizobaki za kiwanda chenyewe zimekuwa ghali, na watu wananunua za kuigiza. Za kuigiza hazikai. Nyingine haifiki mwisho, nyingine ikishaingia haitoki mpaka uivute kwa meno.

Mimi nikaitazama, mikono ikawasha. Baba, si unajua? Nikawasha mshumaa pale mezani jikoni, nikaipaka masizi kama unavyopaka mpini kabla ya kuuvika jembe, nikaichomeka, nikaitoa. Pale masizi yalipofutika ndipo palipokuwa na ugomvi. Nikapitisha tupa taratibu, kisha msasa. Ikaingia, ta! Kimani akaruka kwenye kiti.

“Maze, wewe ni fundi! Hii imeshinda hata ya factory!”

Fundi. Tangu nifike nchi hii hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Wazee ninaowaogesha wananiita kijana, wengine hawaniiti kitu. Nikajiona mtu. Kimani akawaambia walinzi wenzake, wakaanza kuja Jumamosi na magazini zao kwenye mifuko ya plastiki, wanakunywa chai, wananisifu. Mimi nakata, napuliza vumbi, natabasamu kama bwana harusi. Hata mmoja sikumuuliza kitu.

Wewe hujawahi kunoa panga la mtu bila kumuuliza, “Unakwenda kukata nini?” Awe jirani, awe mchungaji. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mazoea tu ya kupiga soga. Mpaka siku ile Mzee Kiwelu alipokuja na panga, amegombana na ndugu yake juu ya mpaka wa shamba, ukamuuliza, akasema, “Kwani wewe ni polisi?” Ukalitundika panga lake ukutani, ukamwambia moto umezimika, aje wiki ijayo. Alitukana weee! Wiki iliyofuata akalichukua akakatia majani ya ng’ombe. Na ndugu yake yu hai mpaka leo.

Sasa sikiliza. Kuna Mtanzania mwenzetu, Baba Neema, anakaa Hyattsville. Nilikuandikia habari zake mwanzoni: ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege, akanivika koti lake mwenyewe, nikalala sebuleni kwake mpaka nilipopata kazi. Na kazi yenyewe alinitafutia mke wake, Mama Neema. Tunafanya naye pale pale kwa wazee. Kanisani wanakaa benchi la mbele.

Jumamosi moja Baba Neema akaja. Hakuvua koti, hakukaa, chai akaikataa. Akatoa bastola na magazini yake, akasema ameinunua zamani na haijawahi kukaa vizuri, haifiki mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu, na alinitazama mikono tu, usoni hakunitazama. Baba, niliona. Nisikudanganye, niliona. Swali lako lilinifika mpaka ulimini. Lakini mtu aliyekupokea uwanja wa ndege unamuulizaje? Nikajiambia ni utovu wa adabu. Nikaikata, nikaisugua, nikaijaribu mara nyingi kuliko zote, kwa sababu ilikuwa ya mtu mkubwa kwangu. Ile ndiyo kazi safi kuliko yoyote niliyowahi kufanya kwa mikono hii.

Jumatatu, wakati wa chakula, Mama Neema akaja akakaa mbele yangu.

“Shemeji,” akasema, “ni kweli umemtengenezea Baba Neema ile bastola?”

Nikacheka kipumbavu, nikasema, “Aa, kidogo tu. Ilikuwa haikai.”

Hakucheka. Akaniambia kwamba siku nyingi wakigombana mumewe huitoa akaiweka mezani, na yeye alikuwa haogopi sana kwa kuwa alijua ni mbovu. Jumamosi akaiweka tena. Akaichomeka magazini mbele ya macho yake na ya mtoto, ikalia, akasema, “Sasa inafanya kazi. Shemeji yako ameitengeneza.”

“Nilidhani ananitisha tu,” Mama Neema akasema. “Sikuja kukulaumu. Nimekuja kujua kama ni kweli.”

Akafunga kibakuli chake cha wali bila kula. Siku hiyo hakurudi nyumbani. Alimchukua Neema shuleni, wakaenda kwa dada yake Columbia. Mimi nikabaki nimekaa pale mpaka nikaitwa kwamba mzee wangu mmoja amejikojolea.

Baadaye akanipigia. Amekwenda kushtaki, anaomba nifike mahakamani Upper Marlboro niseme nilichokifanya, maana mumewe anasema bastola ni mbovu na mke anamzulia. Unajua nilimjibu nini? Nilisema nina shifti. Mwanao huyo, Baba. Mtu ananiomba roho yake, mimi namwambia nina shifti.

Kimani akaniunga mkono. “Zii, usiende huko kortini. Hiyo ni maneno ya mtu na bibi yake. Kesho watarudiana, wewe ndiye utabaki mbaya.” Na watu wa kanisani walishaanza kusema mimi ndiye ninayevunja nyumba ya aliyenifadhili. Nikalala na hayo, nikaamka nayo. Kilichonikosesha raha si maneno ya watu. Nilijua kitu kimoja ambacho hakuna mwingine aliyekijua vizuri: ile magazini haitakwama. Ningekuwa fundi mbovu ningelala.

Nikaenda. Nilivaa lile koti la Baba Neema, sina jingine la heshima. Yeye alikuwa amekaa upande ule, akaliona, akainamisha kichwa. Nikaapa, nikaeleza yote, masizi, tupa, msasa. Kiingereza kikawa kinaniponyoka. Nikasema, inafanya kazi, nimeijaribu mwenyewe. Hakimu ni mwanamke mtu mzima, miwani imeshuka puani. Akaandika, akanyanyua uso, akaniuliza, pole pole tu, bila ukali:

“Alipokuletea, ulimuuliza anaitaka ya nini?”

Baba, maili zote hizi, bahari yote ile, na swali lako likanikuta pale pale. Nikasema hapana. Nilitamani sakafu inimeze.

Hakimu akaamuru bastola ikabidhiwe polisi, na Baba Neema asimsogelee mkewe wala mtoto. Ilikabidhiwa siku ile ile. Mama Neema alinishika mkono pale nje, akasema Mungu akubariki, nami niliona aibu kuupokea mkono wake. Koti nililipeleka kwa Baba Neema na mtu. Alilipokea. Magazini za walinzi sitengenezi tena. Wengine ni watu wema wanaolinda riziki yao, najua, lakini nani ni nani sikuwahi kutaka kujua. Kimani bado ananicheka kidogo, ila siku hizi anacheka akiangalia pembeni. Pole usinipe. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Mpe Mama salamu zangu, na umwambie sweta aliyonifumia ndiyo ninayovaa sasa. Anjela asome, aache kuandika barua darasani. Msalimie Shangazi wa Himo na jino lake. Mchungaji msalimie pia, lakini haya usimwambie. Na Mzee Kiwelu umwamkie kwa niaba yangu, yeye na ndugu yake.

Barua hii anaileta Mama Shirima, jirani yangu hapa, anakuja nyumbani kwa Krismasi. Amebeba na tupa yako, nimeifunga kwenye kitambaa. Sijaivunja, haina kutu. Itundike ukutani, pale palipokaa panga la Kiwelu. Siku nitakayorudi nikakuomba, usinipe kwanza. Niulize.

Mwanao,
Aminieli