Chupa ya Kijani kwenye Mkoba wa Mama

Shoga, ndiyo tumetoka kliniki na mama. Niko hoi. Usipige simu, soma tu.

Si unaijua ile dawa yake ya kuzuia damu isigande? Kila akipimwa, damu bado inaganda upesi, daktari anaongeza dozi. Na mimi kila siku namgombeza: mama, unaruka vidonge! Anaapa anameza. Nikamwona muongo.

Leo daktari kamuuliza, "Mama, vidonge unamezea nini?"

Mama akafungua mkoba, akatoa chupa. Kijani tupu! Kotimiri mbichi iliyosagwa, shoga. Fungu zima kila asubuhi! Eti shangazi alimwambia inasafisha damu.

Daktari akashika kichwa. Anasema kotimiri imejaa vitamini K, na hiyo ndiyo inayosaidia damu kuganda. Dawa inavuta huku, majani yanavuta kule.

Halafu akanigeukia: "Na wewe unaishi naye nyumba moja?"

Nyumba moja, shoga. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikasema basi, naimwaga leo leo. Akanizuia. Eti mama akiacha ghafla na dozi hii kubwa, anaweza kuvuja damu. Tupunguze kidogo kidogo huku anapimwa. Kwa hiyo kuanzia kesho msaga kotimiri ni mimi. Mimi!

Njiani nikamuuliza, mama, mbona hukusema?

Akajibu taratibu, "Uliniuliza kama nameza, mwanangu. Kila siku uliniuliza hilo tu."

Nikampokea mkoba, nikaubeba hadi nyumbani.