Mwanamke wa Mataifa

Section 58, Nakuru
9 Machi 2024

Dada Jerop,

Habari ya Elburgon? Mama yako magoti yamepoa? Sisi tunajikaza tu tangu mama atuache.

Jana mteja alimchezea baba mahubiri yako kwa simu, pale dukani. Akidhani atafurahi. Ulisema juu ya mama, "Champa, mwanamke wa mataifa, alimpokea Yesu akinishika mkono." Baba aliacha kukunja kitambaa. Akaniuliza polepole, "Kumbe mama yako alikuwa ananificha jambo hili?" Tangu hapo hali kitu.

Mimi ndiye niliyekuita hospitalini, kwa sababu mama alikupenda tangu tukiwa shule. Nilitoka kununua chai tu. Nini kilitokea? Na hayo mataifa ni nini? Mama alizaliwa hapa Nakuru.

Dadako,
Unnati

Elburgon
17 Machi 2024

Mpendwa dada Unnati,

Salamu nyingi katika Bwana. Sisi wazima, mvua imeanza. Baba yako mzee Mohanlal naye, pole zangu zimfikie.

Usiudhike na neno hilo. Kwa Kigiriki ni "ethne", yaani watu wa makabila mbalimbali. Biblia inawaita hivyo wote wasio Wayahudi. Si tusi hata kidogo, chuoni tulifundishwa vizuri.

Mwezi ujao natawazwa kuwa mchungaji. Njooni, nitawawekea viti.

Dadako,
Jerop

Nakuru
20 Machi 2024

Dada,

Natumaini hamjambo. Baba bado ni chai tu.

Barua yako nimeisoma tena na tena, mama hayumo. Umenifundisha Kigiriki. Sawa. Kama ni wote wasio Wayahudi, basi wewe uliyezaliwa Kuresoi ni wa mataifa kama mama yangu. Mbona kanisani unasema "wao"?

Na wiki ile ya mwisho mama alikuwa anaongea Kigujarati pekee. Wewe hukisikii. Alikuambia nini?

Unnati

Elburgon
11 Aprili 2024

Dada Unnati,

Natumaini mko salama. Samahani kwa kuchelewa, maandalizi ni mengi.

Nilimuuliza kwa Kiswahili kama anampokea Yesu. Akatikisa kichwa, mimi nikaona ni ndiyo. Aliendelea kusema maneno yake. Nilichoshika ni "Mohan, Mohan".

Tafadhali usiniombe nikanushe sasa. Watu wengi wameinuliwa na ushuhuda huo, na Jumapili ndiyo siku yangu. Nielewe, dada.

Jerop

Nakuru
16 Aprili 2024

Jerop,

Hujambo. Nilimwambia baba kwamba mama alikuwa anamwita yeye. Alilia sana, halafu akaomba chapati. Akala. Jumapili akavaa koti lake la harusi za watu, akasema twende, Jerop ni mtoto wetu, akituona atasema ukweli.

Tulikaa nyuma. Ulituona, ulinipungia mkono. Kisha ukasimulia habari za mama upya, na safari hii ukaongeza machozi ambayo hakuyatoa.

Baba akasimama. Wewe unajua hajawahi kuinua sauti hata kwa wezi wa dukani. Akasema, "Mimi ndiye Mohan. Mke wangu alikuwa ananiita mimi."

Watu waligeuka wote. Nilikuangalia usoni, nikadhani sasa utasema. Ungesema tu, "Ni kweli, mzee."

Ukaanzisha wimbo. Ukawaambia wapige makofi. Baba alikuwa bado anaongea.

Unnati